Mashine ya Mia Mbili

Maji yalikuwa yamekupwa na boti imeegemezwa juu ya magogo kwenye mchanga wa Kilindoni, Mafia. Fundi akalala chali chini ya mashine, akaingiza bisibisi pana kwenye bolti ya chini kabisa ya mguu, akaizungusha polepole. Kilichotangulia kutoka hakikuwa oili. Yalikuwa maji, kiasi cha kijiko cha kulia; ndipo oili ikafuata, rangi ya chai ya maziwa. Fundi akaikinga kwa kiganja, akaisugua kwa dole gumba, akamnyooshea muuzaji.

"Kaka, hii hukuiona?"

Muuzaji, ambaye tangu asubuhi alikuwa akituapia kwamba mashine haijaguswa, akaanza kutafuta simu yake mfukoni.

Ilikuwa fostroki ya nguvu mia mbili za farasi, mtumba kutoka Dubai, inauzwa nusu ya bei ya mpya na rangi yake inang'aa kuliko mpya. Maji huzama chini ya oili, ndiyo maana hutangulia kutoka. Yalipoingilia si siri: nyuma ya propela kuna sili ya mpira, na mshipi wa wavuvi ukijisokota kwenye shafti hujichimbia ndani ya sili hiyo taratibu, safari baada ya safari, mpaka inapwaya. Sili yenyewe haina bei ya kutisha. Gia na beringi zilizoloweka maji ya chumvi kwa miezi ni habari nyingine, na habari hiyo haionekani kwa kufungua kofia ya juu na kupiga picha.

Nilikuwa natafuta mashine ya kubebea wageni na mizigo yao kati ya Nyamisati na Kilindoni, na kama wengi nilikuwa na swali moja tu kichwani: bei gani? Ilinichukua miaka kadhaa kugundua kwamba bei ya dukani ndiyo sehemu ndogo ya hesabu, na kwamba sehemu kubwa hulipwa kwa lita.

Tupige hesabu hiyo. Kanuni ya mafundi ni kwamba mashine ya petroli ikifunguliwa mafuta yote hunywa karibu lita 38 kwa saa kwa kila nguvu 100 za farasi. Kwa ile ya mia mbili, ikikimbizwa mpaka mwisho, ni lita 75 hivi. Hakuna mwenye akili anayesafiri hivyo. Kwa mwendo wa safari, fostroki ya mia mbili hunywa lita 35 hadi 40. Tustroki ya zamani yenye kabureta, nguvu ileile, boti ileile, hunywa 50 na ushee. Chukua tofauti ya lita 15 kwa saa, na petroli uifanye shilingi 3,000 ili hesabu isisumbue. Boti ya wageni inayokwenda saa nne kwa siku, siku 250 kwa mwaka, inatimiza saa 1,000. Tofauti hiyo inakuwa lita 15,000, yaani shilingi milioni 45. Ni fedha inayokaribia mashine mpya nzima, na imetokea nyuma ya boti kwa mwaka mmoja.

Tena hatujagusa oili. Tustroki huunguza oili pamoja na petroli, lita moja kwa kila 50. Kwa saa 1,000 hizo ni karibu lita 1,000 za oili. Mashine kubwa zina pampu inayopima oili kulingana na mwendo, kwa hiyo kata nusu ukitaka. Bado ni lita 500. Fostroki hubadilishwa oili kila saa 100, na hata ukimwaga lita sita kila mara, mwaka mzima unatumia 60.

Sasa igeuze hesabu. Mtu ana boti ya familia Msasani, anakwenda Mbudya siku za sikukuu, saa 100 kwa mwaka ikizidi sana. Kwake tofauti ileile ni milioni nne na nusu tu. Akinunua tustroki iliyotumika kwa bei ya chini, hana kosa lolote. Itamchukua miaka kumi kuifikia hasara ambayo mwenzake wa boti ya wageni Nungwi anaipata kwa mwaka mmoja. Ndiyo maana huwa sijibu mtu anayeniuliza mashine ipi ni nafuu kabla hajaniambia atakwenda saa ngapi kwa mwaka. Wengi hukasirika, wakidhani nawaficha jibu.

Petroli hiyo ya ziada inakwenda wapi? Inatoka nje mbichi. Katika tustroki ya kabureta, hewa na petroli mpya ndivyo vinavyosukuma moshi nje ya silinda, na katika kusukumana huko robo nzima ya petroli, wakati mwingine zaidi, hutoka bila kuungua. Mng'aro ule wa rangi za upinde wa mvua unaouona juu ya maji nyuma ya boti ni fedha yako inaelea. Marekani walichoka nao. Mwaka 1996 mamlaka yao ya mazingira ilitoa kanuni iliyotaka mashine za boti zipunguze moshi huo kwa asilimia 75 kwa hatua, kuanzia 1998 hadi 2006. Watengenezaji wakawa na njia mbili: kwenda fostroki, au kuiokoa tustroki kwa kupiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda baada ya mlango wa moshi kufungwa.

Honda walikuwa wamekwisha kuchagua tangu 1964, walipoanza na fostroki ndogo ambayo wengi waliiona mzigo. Kampuni ya Marekani ya OMC, wenye Evinrude na Johnson, ilichagua njia ya pili. Walichukua teknolojia ya Kijerumani iitwayo Ficht, wakaiingiza sokoni katika miaka ya tisini kwa haraka. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri mno: ulaji wa fostroki, wepesi wa tustroki. Baharini, mashine kubwa za V6 zikaanza kuchafua plagi kwa masizi na kuunguza pistoni. Desemba 2000 OMC ikaomba kinga ya kufilisika. Bombardier wakanunua majina yale mwaka uliofuata, wakatengeneza upya teknolojia na kuiita E-TEC, na hiyo ilikuwa mashine nzuri kweli. Niliiendesha na nikaipenda. Mei 2020 BRP, kampuni iliyotoka Bombardier, ikatangaza kwamba inaacha kutengeneza Evinrude kabisa. Jina lililoanza na Ole Evinrude kule Milwaukee mwaka 1909 likakoma hivyo. Waliahidi kuendelea kutoa spea na kuheshimu dhamana. Lakini mwenye boti aliye mbali na duka anajua ahadi ya spea ina maana gani ikishavuka bahari mbili na kukaa bandarini.

Kuna wengine waliokufa vijana zaidi. Seven Marine, pia Wamarekani, walichukua injini ya V8 ya magari ya Cadillac wakaining'iniza nyuma ya boti kama mashine ya nje, nguvu 557. Volvo Penta wakanunua sehemu kubwa ya hisa za kampuni mwaka 2017, na baada ya miaka michache wakaifunga. Waliokuwa nazo wamebaki na kitu cha fahari ambacho fundi wa kijiji cha jirani hajawahi kukiona.

Na wakati huohuo, tustroki ya kabureta ambayo haiuzwi tena mpya Marekani wala Ulaya inaendelea kutengenezwa kwa ajili yetu. Nenda ufuo wowote kutoka Lamu hadi Mtwara, utaikuta Yamaha Enduro ya arobaini, kijivu, imekwanguka, kamba ya kuwashia imefungwa fundo. Wengine husema tunaletewa teknolojia iliyokataliwa. Kwa upande wa moshi ni kweli. Lakini mvuvi hainunui kwa ujinga. Watu wawili wanaibeba begani kuipandisha ufuoni jioni. Ikigoma katikati ya maji, ufunguo wa plagi na kipande cha msasa vinatosha mara tisa kati ya kumi. Spea zake zipo dukani Kilindoni, feki na halisi, na mtoto wa darasa la sita anajua kufungua kabureta. Ugonjwa wake mkubwa ni wa kibinadamu: kijana amesahau kuchanganya oili kwenye dumu, na ndani ya muda mfupi pistoni imenata kwenye silinda.

Hapo ndipo ninapotofautiana na watu wanaoandika kuhusu mashine hizi kutoka Florida. Wao huupima uaminifu wa mashine kama tabia yake yenyewe, kama urefu au uzito. Mimi naupima kwa umbali kati ya mashine na mtu anayeweza kuitengeneza akiwa na spea mkononi. Mashine ileile ni mwaminifu Dar es Salaam na msaliti Jibondo.

Nilijifunza hilo Juni moja, Kusi imekwisha kushika. Nilikuwa na abiria wanane na fostroki yangu ya kwanza ya nguvu kubwa, nzuri, kimya kama mtu aliyesali. Tulikuwa tumeacha midomo ya Rufiji nyuma, mawimbi yanatupiga ubavuni, kengele ikalia. Mashine haikuzima. Ilijishusha yenyewe hadi mizunguko 2,000 kwa dakika na ikakataa kupanda. Boti iliyokuwa ikipaa juu ya maji ikakaa kama bata, na kila wimbi likawa linaingia kutusalimia. Kompyuta ilikuwa imehisi maji kwenye petroli na imeamua kujilinda. Haikujua kwamba ikijilinda yenyewe hivyo, abiria wanane na mimi wa tisa tunabaki bila mlinzi.

Nilimwaga kikombe cha filta mara tatu. Mara ya kwanza yalitoka maji theluthi. Filta yenyewe ya karatasi ilikuwa imevimba na ya akiba nilikuwa nimeiacha nyumbani juu ya friji. Mpaka leo naiona ilipokaa. Tulifika Kilindoni usiku. Petroli ilikuwa ya madumu, imenunuliwa ufuoni, imechujwa kwa kitambaa, na kitambaa hakizuii maji. Sensa nayo ilikuwa imeharibika, ikaendelea kuamini kuna maji hata yalipokwisha. Wakala aliyeniuzia alinijibu kwa upole kwamba nyingine itafika baada ya wiki tatu. Wiki tatu hizo, kila asubuhi, nilimwona jirani yangu akipita na Enduro yake ikitoa moshi, akinipungia mkono kwa heshima iliyozidi.

Suala la petroli lina historia yake bara. Neno kuchakachua liliingia kinywani mwa kila mtu enzi ile vituo vilipokuwa vikichanganya mafuta ya taa ndani ya petroli na dizeli. EWURA, wadhibiti wa nishati, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili wakaguzi waweze kutambua yaliyochezewa, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya mchezo huo iishe. Hali ilibadilika. Lakini kati ya kituo na boti yako kuna dumu, pipa, mvua na mtu anayelala akilinda, na hapo hakuna kinasaba. Fostroki kubwa yenye pua za kupulizia petroli, ambazo matundu yake ni membamba sana, haisamehe. Ninayempa ushauri bure humwambia hivi: kabla ya kuongeza nguvu za farasi, funga chujio kubwa la kutenganisha maji kati ya tangi na mashine, lenye kikombe cha kuonea, na uwe na karatasi tatu za akiba ndani ya boti. Bei yake, ukilinganisha na mashine, ni kama chumvi ndani ya sufuria ya pilau.

Watu wengi wakisikia kisa kile huniambia, basi funga mashine mbili. Ni ushauri mzuri wenye shimo katikati. Mbili za mia badala ya moja ya mia mbili zina sevisi mbili, propela mbili, uzito zaidi kwenye shetri, na petroli zaidi kidogo kwa maana kuna miguu miwili inayokwaruza maji. Unanunua usalama, na usalama una bei. Lakini kama zote mbili zinanyonya tangi moja kupitia chujio moja, siku ya petroli mbovu zinakufa pamoja kama mapacha. Nimeona boti za mashine mbili zikivutwa kwa kamba. Kila moja iwe na tangi lake, mpira wake na chujio lake, au usijisumbue. Mimi binafsi, kwa boti ya futi 26, napendelea mashine moja kubwa na ndogo ya 15 pembeni yenye dumu lake la petroli. Haikupeleki kwa kasi, ila hukuweka omo kwenye wimbi, na hilo ndilo linalohitajika usiku.

Kuhusu nguvu zenyewe, dunia imepotea njia. Yamaha walipotoa V8 ya 350 mwaka 2007, watu walidhani kilele kimefikiwa. Mwaka 2018 Yamaha haohao wakatoa 425. Februari 2021 Mercury wakaleta V12 ya nguvu 600, lita 7.6, yenye gia mbili za mwendo, ambayo kichwa chake hakigeuki ukikata usukani; mguu wa chini tu ndio unaogeuka. Uzito wake unapita kilo 550. Ni wanaume saba wameketi kwenye shetri ya boti yako wakati wote, na bei yake ilipotoka ilikuwa zaidi ya dola 70,000 kwa moja. Kule Marekani wanafunga nne, tano kwa boti moja.

Fizikia haina haraka kama wao. Msanifu wa boti wa Marekani, George Crouch, aliacha kanuni ambayo mafundi bado wanaitumia: kasi ya boti inayopaa juu ya maji hufuata kipeuo cha pili cha nguvu iliyogawanywa kwa uzito. Kwa maneno ya ufuoni, ukiongeza nguvu mara mbili, kasi huongezeka kwa asilimia 41 tu, tena kabla hujahesabu uzito wa mashine mpya. Boti ya noti 30 itakwenda 42, na petroli karibu maradufu kila saa. Kisha inakuja Kusi, mawimbi mafupi yanasimama kama ngazi, na nahodha mwenye busara anashusha mwendo hadi noti 16 ili migongo ya abiria ibaki mizima. Farasi wengine wote wamelala zizini wanakula.

Hata hivyo mashine ndogo kupita kiasi nayo ni kosa, na mimi nimelifanya. Boti nzito inayosukumwa kwa mafuta yote kutwa nzima huiua mashine mapema. Pima hivi: pakia boti kama unavyoipakia siku ya kazi, watu, maji, mitungi ya kuzamia, yote, fungua mafuta mpaka mwisho kwa dakika moja na usome mizunguko. Fostroki nyingi kubwa zinataka zifike kati ya 5,000 na 6,000. Ikikwama 4,500, propela ni nzito kwake, ni kama kupanda milima ya Usambara kwa gia ya tano. Badilisha propela kabla hujabadilisha mashine. Nimewaona watu wakiuza mashine nzima kwa sababu ya propela.

Vitabu vya sevisi vimeandikwa kwa mtu wa Jumamosi. Vinasema sevisi ya kwanza saa 20, kisha kila saa 100 au mara moja kwa mwaka. Boti ya saa nne kwa siku hula saa 100 kwa mwezi mmoja na siku chache. Mkanda wa taiming, kwa mashine zenye mkanda, hubadilishwa saa 1,000 hivi: kwetu huo ni mwaka mmoja, kwake yeye ni muongo. Suzuki wanatumia cheni inayooga ndani ya oili, na kwa boti ya biashara hilo limenifanya niwaangalie kwa jicho jema. Impela ya pampu ya maji nayo, kwenye maji yetu yenye mchanga, usingoje kitabu. Soma dhamana pia mpaka mwisho: miaka mitatu iliyoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi inageuka mmoja kwa anayebeba abiria kwa nauli.

Dizeli za nje, zile za Cox wa Uingereza na OXE wa Sweden, zinanitamanisha kwa ulaji wake na kwa kuwa dizeli haiwaki ovyo. Bei yake bado ni ya majeshi na makampuni ya mafuta. Siku fundi wa Kilindoni atakapokuwa na spea moja ya mashine hizo kabatini nitaandika sura nyingine.

Mashine ile ya Dubai sikuinunua. Muuzaji alishusha bei kwa theluthi palepale mchangani, nami nikayumba. Nikamuuliza fundi nani hapa kisiwani ana kifaa cha kusoma kompyuta yake. Akasema hakuna, mpaka Dar. Nikanunua 115 mpya, nikakubali kwenda noti 24.

Miezi minane baadaye niliiona mia mbili ileile Utende, nyuma ya boti ya kuzamia, inakojoa maji kwa nguvu na safi. Mwenye nayo alikuwa fundi magari kabla hajahamia baharini. Wiki aliyoinunua aliushusha mguu wote, akatoa beringi mbili zilizokuwa na kutu, akaagiza nyingine, na kifaa cha kusoma kompyuta akanunua chake mwenyewe. Kila jioni huisuuza kwa maji baridi kutoka kwenye simtangi aliloliweka ufuoni kwa kazi hiyo tu. Aliniuliza kama ile yangu ya 115 ninaiuza, anataka kumfungia mdogo wake. Nikamwambia bado sijafikiria.

"Ukikata shauri niambie, bwana," alisema. "Ila uje na kitabu cha sevisi. Rangi nitapaka mwenyewe."